Kijiti Kisicholia

Asubuhi ile mikono ya Masizi ilikataa kutulia, na mikono ya Masizi ndiyo iliyokuwa kazi yake.

Jina la Masizi hakupewa na mama yake. Alipewa na wauza maziwa wa kituoni, kwa sababu vidole vyake vilikuwa vyeusi kutwa kucha. Vyeusi vya unga, si vya uchafu, ingawa kumweleza mtu mwenye nongwa tofauti ya hayo mawili ni kumpigia mbuzi gitaa. Mwenyewe alilipenda. "Masizi ni ya sufuria inayopika," alikuwa akisema. "Sufuria inayong'aa, uliza imelala njaa tangu lini."

Kituo kilikuwa jengo refu la matofali, na mlango wake mpana hivi kwamba mtu na baiskeli yake wanapita bila kusukumana. Sakafu ilikuwa ya saruji, imelowa muda wote. Ndani kulikuwa na tangi la kupoozea, linanguruma kama mzee aliyelala chali. Wauza maziwa walileta madumu asubuhi, yakapimwa, yakamiminwa tangini, kisha gari likayachukua kwenda hospitali ya watoto. Hivyo ndivyo ilivyotakiwa iwe. Lakini penye maziwa pana joto, na penye joto pana ujanja. Walikuwepo waliotia dawa, ile dawa ya maji inayotoa povu jeupe ukiimwagia kwenye kidonda. Kifuniko kimoja ndani ya dumu, na maziwa yaliyokuwa yanataka kuchacha yananyamaza kama mtoto aliyepigwa kofi. Aliyepigwa kofi hajapona, amenyamaza tu. Tumbo la mgonjwa ndilo linalokuja kusema baadaye.

Kwa ajili hiyo akaletwa Mwalimu. Alikuwa mtaalamu, mwanamke mwembamba mwenye sauti ndogo, na watu walimwita Mwalimu kwa sababu hakuweza kukuonyesha kitu bila kukueleza. Alikuja na vijiti vya plastiki, vifupi kama kidole cha mtoto, na mashine ya kushika mkononi. Ncha ya kila kijiti ilipakwa unga wa shaba. Usifikiri ni shaba ya bakuli. Hii ni shaba iliyoshikana na hewa mpaka ikawa kitu kingine, na wenyewe wanaiita oksidi. Unaanza na tope la samawati, zuri utadhani kitambaa cha bibi harusi. Linaingia kwenye oveni samawati, linatoka jeusi kama roho ya mchawi. Chembe zake ni ndogo mno: zipange elfu moja kwenye mstari mmoja, bado hazijatosha upana wa unywele.

"Kwa nini ndogo hivyo?" Masizi aliuliza siku ya kwanza.

"Tofali ukilitazama lina nyuso ngapi? Sita. Livunje kokoto, kila kokoto ina nyuso zake. Zivunje tena, na tena. Dawa ikiwa ndani ya maziwa inakutana na nyuso zote hizo. Kila inapogusa, umeme kidogo unaruka, na mashine inauhesabu."

"Yaani ni kama soko. Wachuuzi wengi, mwizi hapiti bila kuonekana."

Mwalimu alicheka, akamwajiri. Alitafuta mtu mwenye mkono usiotetemeka, na Masizi wakati huo alikuwa akipaka alama za wenyewe kwenye madumu, kwa brashi ndogo, wala rangi yake haikuwahi kuchuruzika.

Kazi ya kupaka vijiti inadanganya macho. Unachanganya unga na gundi yake, unadondosha tone moja kwenye ncha, unakausha chini ya taa. Tone likiwa zito, linapasuka kama tope la bwawa lililokauka. Likiwa jepesi, kijiti hakisikii. Ukigusa ncha kwa kidole chenye mafuta, umekiziba masikio. Na kijiti kiziwi kina ubaya mmoja mkubwa kuliko yote: kinaonyesha sifuri. Maziwa safi nayo yanaonyesha karibu na sifuri. Ukiwatazama wote wawili, mwema na maiti, huwatofautishi.

Dawa ya hilo ni kilio. Kila kijiti kabla ya kazi kilichovywa kwenye maji ya kilio, maji yaliyotiwa ile dawa makusudi na kuwekwa katika chupa nyeusi. Kijiti kizima kikionja maji yale, namba inapanda juu. Wao wakasema kimelia. Kilicholia kilisuuzwa, kikawekwa kwenye trei nyeupe. Kisicholia kilitupwa kwenye kopo la wafu, na kopo likijaa linarudi kwa Mwalimu, maana shaba haimwagwi mtaroni. Ukimya wa kijiti hauaminiki mpaka uwe umesikia kilio chake. Laiti watu nao tungewapima hivyo.

Kituoni walikuwa na desturi yao. Mpimaji hasomi namba. Anayesoma ni mwenye maziwa, kwa sauti, na anayemfuata kwenye foleni anachungulia kuhakikisha. Hivyo hakuna wa kusema kaonewa. Na yeyote kwenye foleni akiwa na shaka ana haki ya kusema "Kilizwe!", kijiti kikaonjeshwa kilio palepale mbele za watu. Haki hiyo hawakuitumia sana, kwa kuwa jua linapanda na maziwa hayangoji.

Siku za majaribio namba ilikuwa ya kujua tu. Siku ninayoisimulia ndiyo ya kwanza ya kuhesabiwa. Namba ikipita kumi, mwenye maziwa anafutwa kituoni moja kwa moja, hana rufaa.

Na kwenye foleni ile alikuwepo Dada Mkubwa.

Alikuwa dada wa Masizi wa tumbo moja. Mama yao alipokufa, mdogo alikuwa bado anatambaa. Aliyembeba mgongoni, aliyemwogesha, aliyekataa posa mbili kwa ajili yake, ni dada huyo. Ng'ombe wake wawili na madumu yake ndiyo maisha yake yote. Siku za majaribio aligoma kupimwa. "Mchezo sichezi," alisema. "Siku ya kweli nitasoma namba yangu, na nyote mtaisikia." Shingo yake ilikuwa ngumu, hata akiangua kicheko, haikupinda.

Jana yake, alasiri, Masizi alikuwa amepita kwa dada yake akakuta chupa ya dawa ya vidonda imekaa kando ya madumu. Kubwa, nusu tupu.

"Dada, hii ya nini hapa?"

"Ya kidonda."

"Nani ana kidonda?"

"Wewe unakitafuta." Dada Mkubwa hakuinua macho, alikuwa anasugua dumu kwa mchanga. "Mama alikuwa anatia kifuniko kimoja siku za joto. Ulikunywa, ukakua, ukaota na mdomo wa kuniuliza."

"Kwa hiyo unatia."

"Nimesema Mama alikuwa anatia."

"Dada, nakuomba. Kesho wakikufuta, mimi ndiye nitakayekuwa nimeshika kijiti. Utaishi kwa nini?"

"Usinifundishe maziwa, mtoto wewe! Nimekukanda tumbo kabla hujajua kulishika. Nenda nyumbani kwako."

Masizi akaenda. Neno "sitii" hakulisikia. Alilala nalo, yaani alilala na kukosekana kwake, na kulipokucha lilikuwa bado halijasemwa.

Ndiyo maana asubuhi, alipokuwa peke yake chumba cha ndani akiliza vijiti, mkono wake ulikwenda kwenye kopo la wafu. Ulikwenda wenyewe, angekuambia, lakini mkono hauna miguu. Akachukua kijiti kimoja, kizuri kwa kutazama, ncha nyeusi isiyo na ufa. Akakionjesha maji ya kilio ili awe na hakika. Sifuri. Akakisuuza, akakitia mfuko wa kushoto wa aproni.

Foleni ikaanza. Wa kwanza alisoma nne, wa pili sita. Wa tatu alipata kumi na tisa, akajaribu kuisoma tisa, na aliyemfuata akamshika bega: "Ndugu, hiyo moja ya mbele umeimeza?" Watu wakacheka, yeye akatoka na madumu yake, na kicheko kikakatika ghafla, kwa sababu wote walimwona anavyokwenda na kila mmoja akajiona yeye. Masizi aliutazama mgongo wa yule mtu mpaka ukapotea mlangoni. Baadaye wakapita wengine, safi, safi, wakamimina tangini.

Dada Mkubwa akafika mezani. Alikuwa amevaa vizuri, kama mtu anayekwenda kutoa ushahidi. Nyuma yake alisimama muuza maziwa mmoja waliyemwita Redio, kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzima.

"Habari za kazi, mpimaji," akasema Dada Mkubwa. Hakusema mdogo wangu.

"Nzuri, Dada. Shikamoo."

"Marahaba. Pima."

Masizi akachota maziwa kwenye kikombe kidogo. Akamtazama dada yake machoni akitafuta alama yoyote, hofu, aibu, chochote. Macho yale yalikuwa makavu kama ukuta. Kiburi cha mwenye hatia na kiburi cha asiye na hatia vina uso mmoja. Mkono wa kushoto ukaingia mfukoni, ukatoka. Kijiti kikaingia kwenye mashine, ncha ikazama ndani ya maziwa.

Sifuri.

"Sifuri!" Dada Mkubwa akasoma, sauti ikagonga bati la paa. "Mmesikia?"

Redio akachungulia. "Sifuri kabisa? Hata moja? Mama yangu, maziwa yako yanatoka kwa ng'ombe au kwa malaika? Mimi jana kwenye majaribio nilipata tano, na sijatia kitu zaidi ya kupiga mluzi wakati nakamua."

Watu wakacheka. Masizi akanyoosha mkono kuchomoa kijiti.

"Ngoja," akasema Redio. "Ngoja kwanza. Mpimaji dada mtu, mpimwa dada mtu, sifuri mviringo kama sahani. Nisamehewe, lakini mimi nasema kilizwe!"

"Foleni ndefu," akasema Masizi. "Maziwa yanapata joto."

"Kilizwe!" sauti nyingine ikadakia nyuma. Kisha nyingine.

Masizi akamtazama dada yake, akimsihi kwa macho: sema hapana, kasirika, tukana, mimina maziwa yako uende zako. Dada Mkubwa akakunja mikono kifuani.

"Kilize," akasema. "Kilize mara saba. Wakisikie."

Amepata wazimu, Masizi aliwaza. Anajitia kitanzi mwenyewe, na mimi ananifunga kamba ileile. Akafungua chupa nyeusi taratibu mno, akakisuuza kijiti, akakichovya. Watu wakainama juu ya mashine.

Sifuri.

"Bubu!" Redio akapiga kofi. "Kijiti bubu! Mpimaji kampima dada yake kwa maiti!"

Kelele zikapanda. Mwalimu akatoka ofisini, akapita katikati ya watu akiwa na kalamu sikioni, akatazama mashine, akamtazama Masizi.

"Kijiti hiki kimetoka wapi?"

Aliyejibu ni Dada Mkubwa.

"Kimetoka kwenye trei. Kingetoka wapi kwingine? Mdogo wangu nimemlea mimi. Akisema kimetoka kwenye trei, kimetoka kwenye trei." Masizi alikuwa hajasema lolote. "Leteni kingine. Mimi na maziwa yangu tupo."

Mwalimu akachukua mwenyewe kijiti kutoka kwenye trei nyeupe. Akakiliza: themanini na mbili, kilio cha mtu mzima. Akakisuuza. Akakizamisha katika maziwa ya Dada Mkubwa.

Namba ikaanza kutembea. Moja. Mbili. Masizi akafumba macho. Alikuwa ameshaiona njia nzima: dada yake akitoka mlangoni kama yule wa kumi na tisa, ng'ombe wakiuzwa, yule mwanamke mwenye shingo ngumu akikaa kwenye kona ya chumba cha mtu mwingine, akila alichopewa.

"Tatu," Dada Mkubwa akasoma. "Imesimama. Wewe Redio, chungulia. Ni ngapi?"

"Tatu," akasema Redio, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe hakuongeza neno.

Masizi akafumbua macho. Tatu. Maziwa yalikuwa safi. Yalikuwa safi tangu mwanzo, tangu yanatoka nyumbani. Kijiti chochote kizima kingesema hivyo, na yeye kwa mkono wake ndiye aliyeyatia doa. Angeweza kushukuru na kunyamaza. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Lakini Mwalimu alikuwa bado ameshika kile kijiti bubu, anakigeuzageuza kwenye mwanga.

"Basi tuna msiba," akasema kwa ile sauti yake ndogo. "Kama kimoja kimefia kwenye trei baada ya kulia, siwezi kujua vingine vilivyofia humo ni vingapi. Hata vilivyotumika nikiviliza sasa, kilio cha sasa hakithibitishi cha asubuhi. Namba zote za leo hazina maana. Waliopita wote, maziwa yao yako tangini yamechanganyika. Tangi limwagwe."

Kilichofuata hakikuwa kelele, kilikuwa kilio cha watu wazima. Mzee mmoja alilikumbatia tangi kwa mikono miwili kana kwamba lina shingo. Mwanamke aliyesoma sita aliketi palepale sakafuni kwenye maji. Mkono wa Mwalimu ukaenda kwenye bomba la kumwagia, ukashika kishikio.

"Usifungue," akasema Masizi.

Mwalimu akageuka.

"Trei ni nzima. Kile hakikutoka kwenye trei." Alisema akitazama mikono yake. "Nilikitoa kwenye kopo la wafu. Nilikitia mfukoni kabla hatujafungua. Kwa ajili ya dada yangu. Wengine wote nimewapima kwa vijiti vilivyolia. Chukua vilivyotumika, viko kwenye sinia lile, viliza kimoja kimoja mbele yao."

Mwalimu akaleta sinia, akaviliza vijiti vyote vilivyotumika, na watu wakazihesabu namba kwa sauti kama watoto wa darasa la kwanza. Vyote vikalia. Tangi likapona. Mwanamke wa sita akainuka sakafuni, akakamua maji kwenye sketi yake, akapita karibu na Masizi bila kumtazama.

"Mwizi wa namba," mtu akasema. Redio naye akapata sauti yake: "Ukoo mzima—"

"Wewe!" Dada Mkubwa akamgeukia, na Redio akarudi nyuma akakanyaga dumu lake. "Namba yangu umeisoma kwa mdomo wako. Ukoo wangu usiutie kinywani, hujapiga mswaki." Kisha akayamimina maziwa yake tangini, polepole, hata tone lisiruke nje. Ndipo akamgeukia mdogo wake, na sasa watu wote pale hawakuwepo kwake.

"Ulidhani nimetia."

"Nilidhani, Dada."

"Chupa ile niliimwaga jana, ulipotoka tu. Yote. Nikachemsha maji nikasuuza madumu mpaka mgongo ukaniuma. Kwa sababu ulisema wewe."

"Hukuniambia. Ulisema nisikufundishe maziwa."

"Nilisema usinifundishe. Nilisema sijafundishika?"

Wanaosema damu ni nzito kuliko maji hawajawahi kuipima kwenye mizani mbele ya foleni.

Mwalimu akatoa hukumu yake palepale, bila kupaza sauti. Mezani Masizi hatakaa tena. Kupaka atapaka, kwa kuwa hakuna mwingine anayeweza tone lile, lakini tangu siku hiyo kila kijiti kitalizwa mbele ya mwenye maziwa kabla ya kumpima, awe nani, foleni iwe ndefu vipi. Watu wakanung'unika kwamba watafika nyumbani jua likiwa utosini. Ndivyo ilivyokuwa siku ile na zilizofuata, na hakuna aliyesahau ni kwa sababu ya nani.

Masizi akavua aproni ya mezani, akaitundika. Alikuta dada yake bado amesimama mlango wa chumba cha ndani, madumu matupu mkononi, wakati ng'ombe nyumbani wanangoja majani.

"Dada, niko chini ya miguu yako."

"Miguu yangu iache, imechoka." Dada Mkubwa alimtazama kwa muda, shingo imenyooka. "Kesho nitakuja na maziwa yangu. Kijiti changu utakuwa umekipaka wewe. Kisipolia, nitajua umefanya kazi mbovu. Kikilia kisha kikanyamaza kwenye maziwa yangu, nitajua ni maziwa mazuri. Jambo la tatu kati yetu lisiwepo tena."

"Halitakuwepo."

"Sijakuuliza."

Akaondoka. Masizi akawasha taa ya kukaushia, akavuta kiti, akachanganya unga. Nje sauti ya Redio ilikuwa inasoma namba yake, tano, na mtu akapiga kelele kilizwe tena. Masizi akainamia ncha ya kijiti. Tone la kwanza likaharibika, akalifuta. La pili pia. Akaweka kiwiko mezani, akashika pumzi, akajaribu tena.